Niache Niguse Kwanza Ndio Nilipe

Wacha niseme moja kwa moja ndio tusipotezeane muda. Mtu akikuuzia nguo mtandaoni, akakuletea ikiwa imefungwa kwa plastiki na gundi kila kona, halafu akakuambia ulipe kabla hujafungua, huyo hajakuuzia nguo. Amekuuzia picha. Nguo utakutana nayo baadaye, pesa ikiwa imeshaenda.

Najua wauzaji watanijia kwa komenti. Njooni tu. Lakini kabla mniite adui wa biashara za vijana, nisomeni hadi chini, juu nimekaa na hii mambo karibu mwezi mzima nikisoma, na nimepata kitu shule haikutuambia.

Shule ilituambia mwili una milango mitano ya fahamu. Macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Tukachora kwenye daftari, mwalimu akatia tiki, maisha yakaendelea. Sasa huyo wa tano ndiye aliachwa nusu. Kugusa si hisia moja, wasee. Kugusa ni kama chama cha akina mama. Kila mwanachama analeta mchango wake, mwingine analeta mingi, mwingine kidogo, halafu mweka hazina anajumlisha. Mweka hazina ni ubongo. Wewe unaletewa jumla tu: "hii ni pamba", "hii ni nailoni", "hii imelowa". Michango yenyewe huioni hata siku moja.

Na wanachama ni wengi. Kiganja kimoja pamoja na vidole vyake kina nyuzi za neva takriban 17,000 za kupokea mguso peke yake. Hizo zimegawanyika makundi manne, na kila kundi lina kifaa chake ndani ya ngozi, vyenye majina ya wanasayansi wa Ulaya wa karne ya 19. Kuna vya Merkel, ambavyo vinasikiliza shinikizo lililotulia, kingo na vinundu vidogo. Kuna vya Meissner, vinashtuka kitu kikianza kusonga au kuteleza mkononi. Kuna vya Pacini, hivyo ni vya mtetemo wa haraka, na hasa vinapenda mtetemo wa mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Vya Ruffini vinahusika na ngozi ikivutwa. Hapo bado hujaweka neva za baridi, ambazo ni tofauti na za joto, ambazo ni tofauti na za maumivu. Na bado kuna zile za ndani ya misuli na maungo, ambazo zinakuambia mkono uko wapi na umebeba uzito gani.

Kwa pembeni kidogo: Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka wa 2021 ilienda kwa David Julius na Ardem Patapoutian kwa haya haya mambo ya joto na mguso. Julius alitumia ile kemikali ya pilipili kutafuta protini ndani ya neva, na ile aliyoipata ikawa ndiyo hiyo hiyo inayoshtuka ukiguswa na moto. Yaani neva inaambiwa kitu kimoja na pilipili na jiko. Sisi tulikuwa tunasema pilipili inachoma tangu zamani na hakuna mtu alitupa tuzo.

Turudi. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wanafikiri kila kundi lina kazi yake na laini yake hadi kwa ubongo, kama mabasi ya njia tofauti ambayo hayakutani. Merkel abebe maumbo, Pacini abebe mtetemo, kila mtu abaki kwake. Mwaka wa 2014 Hannes Saal na Sliman Bensmaia wakaandika makala ya kusema hapana, kugusa ni kazi ya timu. Bensmaia alikuwa Chuo Kikuu cha Chicago, alifariki mwaka wa 2023, na kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta jinsi ya kumrudishia hisia mtu anayetumia mkono bandia. Hoja yao ni kwamba karibu kila kitu tunachohisi kinatoka kwa makundi kadhaa kwa pamoja, na ukienda hadi kwa ubongo, seli nyingi huko zinapokea mchanganyiko. Ukishika kitambaa, vinundu vikubwa vinasomwa na kundi moja, na ule ulaini mdogo mdogo wa uzi unasomwa na makundi ya mtetemo, lakini tu ukisogeza kidole. Usiposogeza, habari yote hiyo ya uzi karibu inapotea. Mjerumani David Katz alishaandika hivyo mwaka wa 1925. Jaribu sasa hivi na nguo umevaa. Weka kidole kimya, halafu sugua. Umeona?

Sasa hii ndiyo ilinimaliza kabisa. Ngozi ya binadamu haina kifaa cha kuhisi maji. Hakuna. Hakuna neva ya "imelowa". Unachoita unyevu ni baridi pamoja na shinikizo na kule kunata kwa kitu ngozini, vyote vikijumlishwa. Mwaka wa 1900 mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Bentley alionyesha kwamba kidole kikivalishwa ngozi nyembamba ya mpira na kuingizwa kwa maji, mtu anahisi kimelowa, na hakuna tone limemgusa.

Kama umeishi Nairobi mwezi wa Julai, wewe ni shahidi wa huo utafiti na hukulipwa. Unaenda kwa kamba saa kumi na mbili jioni, unashika jinzi, hujui kama bado ina maji au ni baridi tu. Unaishika kiuno, unaishika mfuko. Unaipeleka shavuni. Bado hujui. Mathe anapita, anaikunja kidogo, anaifinya pale kwa mshono, anasema, "Hiyo bado, rudisha." Hakushika tu. Alikunja, akafinya, akaona inarudi vipi. Aliongeza michango kwa chama mpaka jumla ikaeleweka.

Na chama kinaweza kudanganywa. Katika karne ya 19 Ernst Weber, Mjerumani, aliweka sarafu kwenye paji la uso la watu, na ile ya baridi ikahisiwa nzito kuliko ile ya moto, na zote zilikuwa za aina moja. Baridi iliingia kwa hesabu ya uzito. Mwaka wa 1998 huko Ufini, Veikko Jousmäki na Riitta Hari waliambia watu wasugue viganja vyao huku wakisikiliza mlio wa kusugua kwa vipaza vya masikioni. Wakaongeza zile sauti nyembamba za juu. Watu wakasema mikono yao imekauka kama karatasi. Mikono ile ile! Ni sikio lilibadilishwa, na ngozi ikakubali.

Hapo ndipo nataka tuongee vizuri, juu mimi kazi yangu ni video. Natengeneza video za kukagua nguo na viatu, hiyo ndiyo inalipa nyumba tangu niwachane na chuo mwaka wa pili. Kwa hivyo najua venye zinapikwa. Taa ya duara ikikaa upande, kitambaa chepesi kinapata kivuli na kuonekana kizito. Ukishika koti kwa vidole viwili na kuliinua polepole, linaonekana lina uzito, juu mtazamaji anasoma mkono wako, hasomi koti. Sauti ya kitambaa naweza kuiweka laini au kavu kwa simu, dakika mbili. Halafu muuzaji anasema "hii mali ni safi, wasee, sikieni hiyo", na wewe uko kwa kiti umeshika kioo, unasikia kweli.

Tena kioo. Hiyo ndiyo kitu pekee kidole chako kinagusa muda wote huo. Koti ya elfu tano na soksi ya hamsini zinahisi sawasawa kwa kidole, kioo laini, vuguvugu. Macho ndiyo yanapiga kura zote. Kuna utafiti wa Marc Ernst na Martin Banks wa mwaka wa 2002, waliwapa watu ukuta mdogo wa kukadiria urefu kwa kuona na kugusa kwa wakati mmoja. Walipata kwamba ubongo unaupa kila upande uzito kulingana na unavyoaminika. Macho yakiwa safi, macho yanasikizwa zaidi. Picha ikichafuliwa, mkono unapandishwa cheo. Ni mpangilio mzuri sana. Lakini unahitaji pande mbili. Mtandaoni umebaki na upande mmoja, na huo upande mmoja unashikiliwa na mtu anayetaka pesa yako.

Sasa njoo sokoni uone chama kikiwa na wanachama wote. Nenda Gikomba au Toi asubuhi mzigo ukifunguliwa, wakati watu wanapigania kamera, zile nguo za kwanza kabisa kabla zifike kwa fagia. Usiangalie nguo. Angalia mikono ya akina mama wanaonunua kwa jumla. Wa kwanza anasugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada. Wa pili anaifinya kwa ngumi na kuachilia. Wa tatu anaiinua juu kidogo na kuitikisa, anapima. Mwingine anaivuta pande mbili, halafu anapitisha kidole kwa mshono wote mpaka kwapani. Kuna mmoja nilimwona anashika zipu na kukaa nayo tu, hafanyi kitu. Nikamuuliza. "Ya chuma ni baridi," akasema. "Hii ni plastiki imepakwa rangi. Shika mwenyewe, mtoto wangu." Na ni ukweli wa fizikia: chuma kinavuta joto la kidole haraka kuliko plastiki, kwa hivyo vyote vikiwa na joto lile lile la hapo mezani, chuma ndicho kinahisi baridi.

Mwaka wa 1987 wanasaikolojia wawili, Susan Lederman na Roberta Klatzky, waliwapa watu vitu wavitambue kwa mikono huku wamefungwa macho. Wakaorodhesha mikono inafanya nini. Kusugua ni kwa kujua ulaini, kubonyeza ni kwa ugumu. Kugusa bila kusogea ni kwa joto na baridi. Kuinua ni kwa uzito, kushika kwa kiganja chote ni kwa umbo, na kupitisha kidole kwa ukingo ni kwa umbo kamili. Nilisoma hiyo orodha nikacheka peke yangu, juu ni Gikomba tupu. Hao akina mama hawana karatasi ya chuo, na sisi tunawaita watu wa mtumba kama tunawahurumia, na ni wao wanajua kazi ya mkono kuliko mtu yeyote na digrii ya biashara anayekuuzia kwa laivu. Sisemi digrii ni mbaya. Nasema tu kuna maarifa yako kwa vidole na hayajawahi kupewa cheti.

Kuna Mwingereza anaitwa Ian Waterman ambaye madaktari wamemwandikia vitabu. Mwaka wa 1971 akiwa na miaka 19, akifanya kazi ya buchari, alipata ugonjwa ukamharibia neva za mguso na za kujua viungo viko wapi, kuanzia shingo kwenda chini. Lakini joto na maumivu akabaki anayahisi. Yaani wanachama wengine walitoka, wengine wakabaki. Ilibidi ajifunze upya kila kitu kwa kuangalia. Kuketi, kutembea, kushika yai. Taa zikizimika, anaanguka, juu macho ndiyo yalikuwa yamebeba chama chote. Nikimfikiria naona vile macho yanaweza kusaidia, lakini pia gharama yake. Jamaa alihitaji kufikiria kila hatua, maisha yake yote, kufanya kile wewe unafanya bila kujua ukitafuta funguo mfukoni.

Nimefika kwa koti langu.

Mwezi wa sita niliagiza koti kwa duka moja la mtandaoni, sitalitaja. Video ilisema ni sufu tupu, nzito, 2,800 na usafirishaji juu yako. Ikaja kwa boda, imezungushiwa gundi kama mzigo wa benki. Nikamwambia mtu wa boda nifungue nione. Akasema, "Brathe, nimeambiwa ulipe kwanza, mimi ni wa kuleta tu." Na sikumlaumu, pesa si yake na duka si lake, na akirudi na mzigo ni yeye anauliziwa. Nikapiga simu dukani. Jibu: sera yetu ni hiyo. Nikalipa, nikafungua, na kidole kikajua kabla ya macho. Jepesi. Linanata kwa vidole vyenye ukavu na linatoa ule mlio wa karatasi. Kwa macho lilikuwa lile lile la video, rangi sawa, vifungo sawa. Ukipiga picha upeleke malalamiko, picha inamtetea muuzaji. Na ndivyo walinijibu: "Si ndio hiyo uliona?"

Ndio hiyo niliona, kweli. Hilo ndilo tatizo lote.

Mimi si wakili, lakini sheria iko na inasomeka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inasema ukiletewa bidhaa ambayo hukuichunguza mbele, huhesabiwi kuwa umeikubali mpaka upate nafasi ya kutosha ya kuichunguza ujue kama ndiyo mliyopatana. Na ukiomba hiyo nafasi wakati wa kuletewa, muuzaji anafaa akupe, isipokuwa kama mlipatana vingine. Hapo kwa "vingine" ndipo wanapita. Wanaandika kwa ukurasa wao, herufi kubwa na moto kando, HAKUNA KUFUNGUA KABLA YA KULIPA, halafu wewe ukiagiza wanasema mlipatana. Mimi naona hayo si mapatano, ni mtego. Huwezi kumwambia mtu akubali kununua bila kujua kitu ambacho kinajulikana kwa mkono tu. Ukiuza nyanya vile, mama mboga mwenzako atakucheka. Nani alinunua avokado kwa kuambiwa?

Sasa upande wa pili, juu nimeongea na wauzaji wawili watatu na hawakuwa wanaongea upuzi. Kuna kastoma anaagiza nguo tano ajaribu zote mlangoni, achague moja ama asichague hata moja, na mtu wa boda amesimama juani nusu saa anapoteza safari zingine. Kuna wa kuagiza kwa mzaha. Kuna yule mwenye mafuta ya kupaka mikononi anashika nguo nyeupe. Kuna msichana aliniambia alirudishiwa gauni lina jasho. Hiyo hasara ni ya kijana mwenye mtaji wa elfu kumi, si ya kampuni. Naielewa.

Lakini hasara hiyo ina dawa, na dawa si kuniziba mikono. Nilipe usafirishaji mbele, ule usirudi hata nikikataa nguo. Hiyo inaondoa watu wa mzaha wote, na mtu wa boda anajua safari yake imelipwa. Niruhusiwe kufungua na kugusa, si kuvaa. Dakika mbili zinatosha. Yule mama wa Gikomba anatumia sekunde kumi kwa nguo moja na hakosei. Ukiogopa uchafu, nitumie kipande cha kitambaa kimebandikwa nje ya mfuko, kama mafundi wa pazia wanavyobeba vipande vyao. Mbona fundi wa pazia anaelewa hii mambo na duka lenye wafuasi elfu sitini halielewi?

Na kuna watu ambao kwao hii si mambo ya koti tu. Mtu asiyeona anaagiza nguo kwa kusomewa maelezo na simu. Video ya taa nzuri haimsaidii na chochote. Wakati pekee anaweza kujua anachonunua ni mfuko ukifika na mikono yake ikiwa juu ya nguo. Ukimwambia alipe kabla, umemnyima njia pekee aliyo nayo, halafu unaiita sera ya kila mtu. Mama anayenunua nguo za mtoto mchanga naye vilevile. Anataka kujua ule mshono wa shingoni unakwaruza ama haukwaruzi, na hakuna picha imewahi kuonyesha mkwaruzo.

Wengine watasema teknolojia itatuokoa, ati simu zitaanza kutetema ufikiri umeshika hariri. Zinatetema tayari, na najua nini? Mtetemo ni mchango wa mwanachama mmoja. Baridi iko wapi? Uzito? Kule kuvutika? Labda siku moja. Mimi kodi ni ya mwezi huu.

Kwa upande wangu, video zangu za kukagua nguo zinabadilika kuanzia wiki hii. Nitaweka nguo kwa mizani ya jikoni mbele yenu na mtaona gramu. Nitaivuta pande mbili kando ya rula, niiachilie, muone inarudi wapi. Sauti sitaigusa hata kidogo. Bado haitakuwa sawa na kushika, lakini angalau hamtasoma mkono wangu mkidhani mnasoma nguo. Na duka lolote linalotaka nilitangaze, swali la kwanza nitauliza ni kama kastoma anaruhusiwa kufungua. Kama hapana, pesa yenu kaeni nayo.

Kama unauza na unaruhusu watu wafungue mlangoni, andika jina la duka na mtaa unaopeleka hapo chini. Nitakusanya orodha niipachike juu ya ukurasa. Na wewe mtu wa boda unayesoma hii: kama umewahi kuambiwa usimruhusu kastoma afungue, tuambie ikiendaga vipi, usitaje duka. Mnabeba lawama za watu wawili na hakuna mtu huwauliza.